Singa nene kuliko utando ni hasara: jinsi ya kuimarisha utando wa wanga wa muhogo kwa makapi ya mkonge

Nianze na kosa langu ili wewe usilirudie. Shangazi yangu anapika kashata za nazi hapa Tanga mjini, Ngamiani, na toka ile marufuku ya mifuko ya plastiki ya kubebea ya tarehe 1 Juni 2019 akawa kila akiniona ni hilohilo, wewe si ulisoma mambo ya kemia, hebu nitafutie kitu cha kuzungushia kashata, mtoto akitupa njiani mvua ikinyesha kinaoza chenyewe. Nikamwambia shangazi hilo dogo tu. Kumbe dogo la mdomoni.

Kutengeneza utando wenyewe kweli sio kazi. Ule utando unaoganda juu ya uji ukipoa, ndo huohuo, wanga na maji basi, ukiuongezea glisarini kidogo unakuwa laini unakunjika kama nailoni. Shida ni kwamba ukiukunja mara mbili tatu unachanika, na hewa ya pwani hii ikishaingia unalegea kama karatasi iliyomwagiwa chai. Ndo nikasema tutie kitu cha kuushikilia, wale wa rangi na plasta wanaita fila, na Tanga hapa fila ya bure ni mkonge. Nikachukua singa, yaani nyuzi zinazotoka kwenye jani la mkonge, nikakata kwa mkasi, nikamwaga kijiko kizima cha kulia ndani ya sufuria. Utando ukatoka na manundu kama ngozi ya kenge, na ulikuwa unachanika palepale penye singa. Yaani nimeweka cha kutia nguvu kimekuja kuvunja.

Sababu nimekuja kuijua baadae na ndo kiini cha maelezo yote haya, kwa hiyo isome taratibu. Singa moja ya mkonge unayoiona kwa macho ina unene wa kama milimita 0.2 hivi, zingine zaidi zingine pungufu. Utando wangu ulikuwa na unene wa milimita 0.15. Sasa hebu fikiria unajenga ukuta afu nguzo zake nene kuliko ukuta wenyewe, zitakaa wapi? Zinatokeza nje, pembeni yake panabaki uwazi, na uwazi huo ndo mpasuko unapoanzia. Lakini singa yenyewe sio kitu kimoja, ni fungu. Ndani yake kuna nyuzi ndogondogo kibao zimegandishwa kwa lignini na hemiselulosi, ambazo ndo gundi ya mmea wenyewe, kama vijiti vya ufagio wa chelewa vilivyofungwa kamba, na kila uzi mdogo una urefu wa wastani kama milimita 3 na unene wa kama mikroni 20 (mikroni 1000 ndo milimita moja). Ukifungua hiyo kamba ukazipata nyuzi moja moja, kila moja inakaa ndani ya utando bila kutokeza, na kwa kuwa ni ndefu mara mia na zaidi kuliko unene wake inashika vizuri. Uzuri mwingine nyuzi hizo ni selulosi, na selulosi na wanga ni ndugu wa damu, vyote ni sukari zilizoungana mnyororo, vinashikana bila gundi. Kwa hiyo kazi yetu sio kuongeza makapi mengi. Kazi ni kufungua fungu na kulitawanya.

Kuhusu kupata malighafi. Kwenye jani la mkonge singa kavu inayotoka ni kama asilimia 4 tu ya uzito wa jani, kilichobaki chote kinatoka na maji pale korona, ile mashine ya kuchambua mkonge, ndo yale malundo ya kijani yanayogeuka kahawia unayoyaona (na kuyanusa) kwenye mashamba ukielekea Muheza na Korogwe. Hale kule walishafika mpaka kuzalisha gesi kwa makapi hayo. Ndani ya lundo kuna singa fupi kibao zilizoponyoka mashine. Omba ruhusa kwa msimamizi, usijiingilie tu, na vaa buti na glavu, maji ya mkonge mabichi yanawasha sio mchezo na malundo yale nyoka wanayapenda. Ila kama una mtu anayefanya kazi kiwandani mwambie akupatie yale mabaki mafupi ya chumba cha brashi, wanakopigia singa brashi, hayo ni masafi na makavu, yanakupunguzia kazi ya siku nzima. Mie nilianza na ya lundoni kwa ubishi wangu, nikaosha maji saba, bado yakawa na mchanga.

Hapo naomba nitoke nje kidogo. Mkonge huu wote tunaoringia ulianza na mche kiduchu, mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1000 kutoka Florida ikafika mizima 62 tu, ikapandwa Kikogwe kule Pangani. Miche 62! Na sisi leo tunatupa asilimia 96 ya jani.

Haya, turudi kazini. Wanga. Kwanza usije ukachanganya, unga wa muhogo wa makopa sio wanga, ule una nyuzi na takataka zingine, utando wake unatoka na chengachenga. Unataka ile poda nyeupe inayolia kama theluji ya friji ukiibinya kwa vidole. Na angalia unavyouliza, mie nilimwambia jirani yangu mmoja mama wa makamo, shikamoo mama, natafuta wanga, unajua wanapatikana wapi, akanitazama juu mpaka chini akasema mwanangu hayo mambo mie sijui muulize mwenye nyumba. Tanga hii! Bora utengeneze mwenyewe. Menya muhogo, osha, kwaruza kwenye mbuzi ya kukunia au saga kwenye blenda na maji, kamua kwenye kitambaa safi kama unavyokamua tui, maji yake meupe yaache kwenye beseni masaa manne matano, wanga unazama chini, mwaga maji ya juu, tia maji mengine, koroga, acha uzame tena, fanya hivyo mara tatu. Kuosha huku sio urembo, ndo kunakoondoa ile sumu ya muhogo mchungu pamoja na rangi. Anika juani ukauke, chekecha. Kilo moja ya muhogo uliomenywa ukipata gramu 150 kwa mikono shukuru.

Sasa sehemu ngumu, kufungua singa. Kata singa kavu vipande vya milimita 3 mpaka 5, mkasi wa fundi cherehani ndo mzuri, ni kazi ya kuchosha weka redio. Pima gramu 50. Kwenye lita moja ya maji utaweka gramu 40 za kostiki soda, ileile ya kutengenezea sabuni. Kostiki inaingia kwenye maji, sio maji kuingia kwenye kostiki, ukigeuza inachemka inakurukia usoni. Glavu za mpira, miwani, nje kwenye upepo, watoto mbali, na ndoo ya maji safi pembeni, ikikugusa unamwagia maji mengi bila kusubiri. Na sufuria iwe ya chuma kisichoshika kutu. Nasisitiza hapa maana mie nilitumia sufuria ya alumini ya mke wangu, ile kubwa ya pilau, kostiki inakula alumini, ikaanza kutoa povu na moshi unaonuka, na gesi inayotoka pale ni haidrojeni na mie niko juu ya jiko la mkaa. Sufuria ikawa na madoa meusi na vitobo kama imepigwa risasi za manati. Mungu alituepusha na moto ila kwa mke wangu sikuepukika, nililipa sufuria na maneno juu.

Chemsha moto mdogo, ile ya kutokota polepole, masaa mawili, unageuza na mti. Maji yatakuwa kama chai ya rangi iliyokolea, hiyo ndo lignini na hemiselulosi inatoka. Acha ipoe kabisa, chuja kwenye kitambaa, osha. Osha tena. Ukiona bado inateleza vidoleni kama sabuni hujamaliza. Mie napima kwa choya, chemsha maua ya choya upate maji mekundu, chukua kijiko cha maji ya mwisho ya kuoshea udondoshee, yakigeuka kijani au bluu bado kostiki ipo, yakibaki mekundu au wekundu wa zambarau umefika. Maji ya kwanza yale ya kahawia usimwage kwenye bustani wala mtaroni hivyohivyo, yapunguze ukali kwanza, tia siki kidogokidogo ukipima na choya yako mpaka yatulie.

Ukitaka nyeupe, loweka kwenye jiki iliyochanganywa na maji, sehemu moja ya jiki kwa nne za maji, nusu saa mpaka saa, nje, afu osha mpaka harufu iishe kabisa. Na hapa sikiliza vizuri, jiki isikutane na siki wala ndimu wala chochote chenye uchachu, inatoa gesi ya klorini inaua mapafu. Kwa hiyo usijichanganye, siki ni kwa maji machafu ya kostiki tu, kwenye chombo chake, na jiki ni siku nyingine kabisa. Kama hujali rangi ya kahawia ruka hatua hii yote, utando wa rangi ya karatasi ya kaki una uzuri wake, na shangazi aliupenda huo kuliko mweupe.

Baada ya hapo blenda. Singa zilizooshwa na maji ya kutosha, dakika tano, pumzisha mashine ipoe, rudia mara nne tano. Huna blenda? Kinu na mchi, tena kinu kinafungua nyuzi vizuri kuliko visu vya blenda ambavyo vinakatakata, ila mikono utaisikia kesho. Utajuaje imetosha: chukua kijiko kimoja weka kwenye glasi ya maji, koroga, tazama kwenye mwanga. Ukiona vipande vinashuka chini haraka, bado. Ikibaki wingu kama tui jepesi, linashuka taratibu sana, hapo umepata. Kama wingu lipo lakini na vipande vipo, chuja kwa chujio la chai, yaliyobaki juu yarudi kwenye blenda.

Na usikaushe! Watu wengi wanakosea hapa, wanafikiri wakaushe wapate poda wahifadhi kama viungo vya pilau. Selulosi iliyofunguliwa ukishaikausha nyuzi zinashikana upya na hazifunguki tena, unarudi ulikotoka. Iache mbichi, ikamue tu kwa kitambaa.

Swali linakuja sasa, kama iko mbichi utapimaje uzito wake? Chukua gramu 50 ya hiyo mbichi, pembeni, ikaushe kabisa, pima tena. Tuseme imebaki gramu 10, basi unajua asilimia 20 ndo selulosi mengine ni maji. Na kwa kuwa tunahitaji kiasi kidogo sana ambacho mizani ya jikoni haikioni, kuna ujanja: pima gramu 30 za mbichi (ambayo ni gramu 6 kavu kwa mfano wetu), weka kwenye chupa, ongeza maji mpaka ifike lita moja. Tikisa sana. Sasa kila mililita 100 ina gramu 0.6. Huhitaji mizani ya sonara.

Utando tutaumwaga kwenye kioo cha dirisha ukaukie hapo, na kipimo changu cha kioo kimoja ni hiki. Wanga gramu 20. Glisarini ya duka la dawa gramu 6, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai. Maji yote jumla mililita 400, ndani yake mililita 100 ni ile ya chupa ya selulosi. Hiyo inakupa selulosi asilimia 3 ya uzito wa wanga. Unaona ilivyo kidogo? Asilimia tatu. Ukitaka kujaribu 6 weka mililita 200 za chupa na punguza maji mengine. Kwenye tando za wanga fila za namna hii huwa zinafanya vizuri zaidi kati ya asilimia 1 na 5 hivi, ukizidisha sana nyuzi zinakosa nafasi zinajikusanya madonge, na donge ni jeraha. Ni kama chumvi kwenye mchuzi tu, iliyotosha huioni, iliyozidi inajitangaza. Mtu akikwambia yeye anatia asilimia 30 muulize utando wake unakunjika?

Glisarini nayo ina tabia zake. Ukiweka kidogo utando unakuwa kama kioo, unavunjika paa. Ukizidisha unakuwa laini ila unanata na kunyonya unyevu wa hewani, na sisi hapa hewa yenyewe ni maji matupu. Asilimia 30 ya uzito wa wanga ni kati na kati, wakati wa masika mie nashuka mpaka 25. Video nyingi za mtandaoni zinakwambia utie na siki. Mie sitii. Asidi ukiichemsha na wanga inakatakata minyororo yake, kidogo inasaidia mchanganyiko kuwa laini, lakini tunajenga nguvu hapa afu wakati huohuo tunakata kamba, ya nini?

Kupika: anza na maji na selulosi peke yake kwenye blenda dakika tatu, ndo utie wanga na glisarini, koroga yote iwe baridi kwanza kama unavyokoroga unga wa uji kabla ya kutia kwenye maji moto, lengo ni lilelile, madonge yasitokee. Weka jikoni moto wa kati, mwiko usisimame. Ikifika nyuzijoto 60 na kitu mpaka 70 utaona inaanza kuwa nzito na ule weupe wa maziwa unaondoka, inakuwa kama ute. Usitoe hapo. Endelea kama dakika 15 bila kuiacha ichemke kwa fujo, ikichemka sana inajaa mapovu na povu dogo likikaukia ndani ni tundu. Epua, iache dakika chache mapovu yapande, yaondoe kwa kijiko, gongagonga sufuria mezani.

Mwaga ingali moto kwenye kioo. Kioo cha dirisha kikuukuu sentimita 30 kwa 40 kinatosha, pembeni zungushia fito za mbao au gundi ya bomba isivuje, kingo kali zipigwe msasa usijikate. Sinia la alumini linashika utando haubanduki, nimejaribu. Kioo kilale sawasawa, azima pima maji kwa fundi ujenzi, maana kikiinama upande mmoja utapata utando mnene kama chapati na upande mwingine kama karatasi ya sigara. Kwa vipimo hivi ukikauka utakuwa na unene wa karibu milimita 0.15.

Anika kivulini penye upepo, sio juani. Jua la Tanga linakausha juu haraka chini bado mbichi, utando unajikunja kama jani la mgomba na kupasuka pembeni. Siku moja mpaka mbili ndani, dirisha wazi, feni ikiwepo vizuri, funika na chandarua maana nzi na mchwa wanauona ni chakula (na ni chakula kweli). Ukikauka unabandua kwa kuanzia kona na kisu butu.

Sasa umejuaje kama umeimarika? Hapa ndo wengi wanadanganyana, mtu anavuta kwa mikono anasema eeh huu mgumu. Pima. Kata vipande vya upana wa milimita 15 na urefu wa sentimita 10, kwa wembe mpya na rula, sio mkasi, mkasi unaacha meno pembeni. Vipande vitano vya utando wenye mkonge, vitano vya utando mtupu, kwa sababu bila huo mtupu hujapima kitu. Kabla ya kupima viweke vyote pamoja kwenye ndoo yenye mfuniko, chini kuna bakuli la maji yenye chumvi nyingi mpaka nyingine imebaki haiyeyuki, siku mbili, vipande visiguse maji. Chumvi hiyo inashikilia unyevu wa hewa ya ndani kwenye asilimia 75 hivi. Ukiruka hii, kipande cha asubuhi na cha mchana havilingani hata vikiwa vya kioo kimoja, mie nilishawahi kushangilia ushindi wiki nzima kumbe nilipima mtupu siku ya mvua na wa mkonge siku ya jua.

Unene pima kwa kupanga vipande kumi vya utando wa aina moja (kata na vya ziada), uvibane kidogo, pima kwa rula au venia ya fundi, gawa kwa kumi. Afu bana juu kwa kibanio kigumu cha karatasi kilichowekewa msasa ndani, chini hivyohivyo, ning'iniza chupa tupu, mimina maji polepole mpaka kikatike. Pima uzito wa chupa na maji na kibanio cha chini. Mfano, kimekatika kwenye kilo 1: kilo moja inavuta kwa nyutoni 9.8, eneo la kipande ni 15 mara 0.15 sawa na milimita za mraba 2.25, gawa, unapata kama megapaskali 4.4, hiyo ndo nguvu ya utando. Kikikatikia kwenye kibanio chenyewe kitupe usikihesabu, kilichokatika ni kwa sababu ya kibanio. Chukua wastani wa vilivyobaki. Angalia na kimevutika kiasi gani kabla ya kukatika, kwa sababu fila karibu zote zinaongeza nguvu huku zinapunguza mvutiko, na kwa kufungia kashata unahitaji vyote viwili. Ndo maana sikimbilii asilimia kubwa.

Kuna wanaouliza kwa nini mkonge tu. Pumba za mpunga zinafaa, kwa wenye mashine za kukoboa kule Mombo zimejaa, ila hizo fila yake ni majivu, ambayo mengi yake, asilimia 85 kwenda juu, ni silika, kitu kilekile cha mchanga. Choma mpaka majivu yawe meupe au kijivu chepesi lakini moto usipite nyuzijoto 700, ukizidi hapo kwenda 800 na kitu silika inageuka fuwele, haina faida kwetu na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Kwa hali yoyote ukisaga majivu vaa barakoa. Silika inasaidia zaidi upande wa maji, utando unanyonya polepole, ila unakuwa mkakamavu. Vifuu vya nazi vina lignini nyingi, poda yake inapunguza unyonyaji wa maji na kutoa rangi nzuri ya chokoleti, tatizo kuvisaga, vinaua blenda, na poda ni chembe za duara hazina urefu wa kushika kama uzi. Magunzi ya mahindi sijayapa muda. Kwa nguvu ya kuvuta, uzi unamshinda chembe.

Na tusidanganyane kuhusu maji. Utando huu hata ukiwa na mkonge sio wa kuwekea mchuzi. Ukiuloweka unavimba na kulegea. Walionipigia wakitaka viriba vya miche ya michungwa Muheza niliwaambia ukweli, ukimwagilia kila siku kiriba kitaoza kabla mche haujafikisha majani matano. Ukipaka nta ya nyuki nyembamba upande mmoja kwa pasi ya uvuguvugu na karatasi katikati unapata muda zaidi, kwa kashata na visheti inatosha kabisa. Vilevile wanga una tabia ya kukakamaa kadiri siku zinavyokwenda, utando wa leo sio wa mwezi ujao, kwa hiyo tengeneza kidogokidogo. Na kama unafikiria kuuza ukiwa umefungia chakula, nenda TBS (Shirika la Viwango Tanzania) kwanza, usalama wa chakula uko kwao, wakupimie mabaki ya kostiki na jiki. Shangazi anatumia kwa wageni wa nyumbani tu mpaka sasa, na analalamika kila siku.

Rojo la selulosi linalobaki linakaa kwenye friji wiki moja hivi, likianza kunuka uchachu mwaga. Liwekee kopo lenye mfuniko na uandike kwa herufi kubwa ni nini. Langu halikuwa na maandishi, na kwa macho halina tofauti na tui zito, mpwa wangu alishaliweka kwenye samaki wa kupaka kabla sijarudi kutoka msikitini.